Suruali ya Hakimu

Tuliachana wiki iliyopita mlango wa chumba cha hoteli ukigongwa kwa hasira. Sasa umefunguliwa, na aliyesimama nje amevaa taulo.

Taulo tu, jamani! Nyeupe, imefungwa kiunoni kwa fundo la mtu asiyezoea mambo hayo. Juu ya taulo kuna kifua chenye mvi, juu ya kifua kuna miwani, na nyuma ya miwani kuna macho yaliyozoea kuona watu wakisimama anapoingia.

"Nani," akauliza kwa sauti nzito, "amechukua suruali yangu?"

Baba ndiye aliyefungua. Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungia vitumbua kabla hawajalisoma, Baba ni kinyozi, mpole, mwenye adabu, na kasoro moja tu ambayo hajawahi kuikubali: macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani. Kuna mteja wake mmoja aliomba nywele zipakwe rangi ya kahawia akatoka mle dukani kichwa kimemwiva kama nyanya. Baba mpaka leo anasema yule mteja alikuwa mkorofi.

"Shikamoo mzee," Baba akasema. "Suruali gani?"

"Ya rangi ya krimu. Na shati langu. Niliziweka kwenye mfuko, nikautundika kwenye kitasa cha mlango ili watu wa hoteli wakanifulie. Watu wa hoteli wanasema hawajauona."

Hapo ndipo maji yaliposikika yakichuruzika bafuni.

Mnajua nani yuko bafuni. Mama! Dobi wa miaka ishirini na mbili, aliyeletwa katika mji huu wa kandokando ya maji kwa mapumziko ya siku tatu, akamwapia binti yake kwamba hatagusa sabuni yoyote isipokuwa ya kuogea. Asubuhi hii alitoka kutafuta chai, akaona mifuko miwili ya nguo imening'inia kwenye vitasa vya milango kule koridoni. Sasa, mtaani kwao wateja wake hutundika mifuko hivyo hivyo, na yeye hupita kila siku akiikusanya. Mikono ikafanya kazi yenyewe. Alipozinduka, nguo zote zilikuwa kwenye povu.

"Kuna mtu bafuni?" yule mzee akauliza.

"Mke wangu. Anaoga."

"Anaoga huku anasugua namna hiyo?"

"Ni mtu msafi sana," Baba akasema, na kijasho chembamba kikaanza kumtoka.

Yule mzee akainua kiatu alichokuwa amekishika, akagonga fremu ya mlango, kwa! kwa! kwa! Koridoni milango ikafunguka, vichwa vikachungulia.

"Nasema mbele ya mashahidi wote hawa. Mimi nimekaa kwenye kiti cha hakimu mpaka nikastaafu. Saa sita natakiwa kwenye boti ya mwanangu, nikutane na familia ya msichana anayetaka kumwoa. Siwezi kwenda kuwaona wakwe na taulo. Na huyo aliyechukua nguo zangu, nikimpata, sitaki kumwona tena maisha yangu yote!"

Nyuma ya Baba, ndani ya chumba, kuna mtu alikuwa anapiga mswaki. Mswaki ukadondoka.

Huyo ni Kitinda Mimba, binti yao wa mwisho, fundi wa miwani, anayepima macho ya watu wote mjini kwao isipokuwa ya baba yake. Ndiye aliyepanga safari hii. Wazazi wake walijua wanakuja kula upepo, na kwamba leo mchana watakula kwenye boti ya "rafiki". Kumbe rafiki ni mchumba, nahodha wa boti yenye mgahawa, na yule baba mkwe mtarajiwa, ambaye Kitinda alikuwa hajamwona ila kwenye picha, ndiye huyu hapa, nusu uchi, anatoa hukumu!

Kitinda akajitupa kitandani, akajifunika shuka mpaka utosini.

"Na huyo?" Hakimu akauliza, akinyoosha kiatu.

"Binti yangu. Ana... homa ya bahari."

"Tuko nchi kavu."

"Ndiyo imeanza mapema," Baba akajibu, akafunga mlango.

Mama akachomoza kutoka bafuni, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko.

"Ameondoka?"

"Mama!" Kitinda akaruka kutoka kitandani. "Mama, umenimaliza! Yule ndiye baba yake!"

"Baba yake nani?"

Ikabidi yote yatoke. Nahodha, uchumba, chakula cha mchana. Kitinda akaongea mbio mbio huku analia, na Mama akasikiliza bila kupepesa, na Baba akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akavua kofia, akaivaa tena.

"Kwa nini hukutuambia?" Mama akauliza polepole.

"Nilitaka mumwone kwanza bila kujua. Mngejua, wewe ungemkagua kola, Baba angemkagua kichogo. Mama, yule mzee ana msimamo kama mlingoti. Kaka yake Nahodha alileta mchumba, akachelewa kufika kwenye chai, basi, ndoa ikafia pale pale. Sasa mimi mama yangu ameiba suruali!"

"Sijaiba. Nimefua."

"Utamweleza hivyo?"

Nampenda sana mama huyu, lakini kwa hili sikuwa na la kumtetea. Alimtazama mwanawe, macho mekundu, dawa ya meno bado shavuni, akapiga moyo konde.

"Saa sita bado. Nipeni taulo zote kavu. Baba watoto, vua viatu!"

Basi ikawa patashika nguo kuchanika, ingawa kwa Mama nguo haichaniki. Suruali zilikuwa mbili, zote krimu: ya Hakimu, na ya mpiga tarumbeta wa chumba cha mwisho, yule kijana mwembamba kama ufito aliyewanyima wageni usingizi wa mchana wa jana kwa mazoezi yake. Mama akazikunja ndani ya taulo, akazilaza sakafuni, na Baba na Kitinda wakapanda juu yake kuzikanyaga, wameshikana mikono, maji yakikamuka.

"Kanyageni kisigino, si vidole! Baba watoto, hujawahi kucheza harusini?"

"Kwa mwendo huu sitacheza," Baba akahema.

Kisha Mama akainamia sanduku, akaingiza mkono ndani ya kiatu kikubwa cha Baba, akatoa pasi. Pasi ndogo ya safari!

"Mama! Uliapa!"

"Niliapa kutogusa sabuni. Pasi hukuitaja."

Likabaki shati. Lilikuwa shati la rangi ya maziwa lenye vifungo vya kijani, isipokuwa cha pili kutoka juu, ambacho kilikuwa chekundu kama taa ya hatari. Dobi yeyote angewashwa mikono. Mama akatoa kikopo chake cha vifungo, akapata cha kijani kinachofanana kabisa, akashika mkasi, akaupeleka kwenye uzi. Akautazama ule uzi. Akaurudisha mkasi kwenye kikopo, akalitundika shati kwenye ndoano nyuma ya mlango, kola ikauke.

"Haya, Baba watoto, sikiliza. Sisi tunatangulia, tusichelewe. Wewe zirudishe nguo kimya kimya. Nimetia alama za uzi kiunoni kama ninavyofanya nyumbani. Uzi mwekundu, mlango wa Hakimu. Uzi wa kijani, mlango wa mwisho kwa mpiga tarumbeta. Kola ikikauka, shati nalo kwa Hakimu. Kisha vaa uje."

"Nyekundu Hakimu, kijani tarumbeta," Baba akakariri. "Mimi si mtoto."

Umeona, msomaji? Umeona amemwachia nani kazi gani? Mimi nilipofika hapo niliweka kalamu chini nikashika kichwa. Mwanamke amekaa na mume miaka yote hiyo, lakini haraka ilimfanya asahau. Na kuna jingine alilosahau. Katika nyumba ya dobi huyu, hakuna anayechagua nguo. Mama hupiga pasi, hutundika nyuma ya mlango, na kilichotundikwa nyuma ya mlango ndicho unachovaa. Hakuna mjadala.

Baba akarudisha suruali mbili. Akarudi chumbani, akaoga, akageukia mlango.

Boti ya Nahodha ilikuwa nzuri, nyeupe, meza zimepangwa kwenye sitaha chini ya turubai la mistari. Mji mzima ulionekana kutoka pale: ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, maghala ya zamani yaliyogeuzwa maduka, watoto wanaokimbizana kandokando ya gati na aiskrimu zinazowayeyukia mikononi. Mama hakuona hata kimoja. Alikuwa anatazama ngazi ya kupandia.

Hakimu akapanda. Suruali ya krimu, imenyooka, mkunjo wake unaweza kukata mkate. Mama akashusha pumzi. Lakini juu Hakimu alikuwa amevaa shati la sare la mwanawe, lenye mistari ya dhahabu mabegani.

"Suruali imerudi yenyewe mlangoni," akatangaza, akiketi kwa uangalifu wa ajabu, kama kiti kina misumari. "Shati halijarudi. Mwizi wa awamu."

"Dunia imeharibika," Mama akasema.

Nahodha, kijana mtaratibu mwenye masikio makubwa, akamtambulisha Kitinda. Hakimu akampokea salamu, akamtazama juu mpaka chini, akaridhika.

"Umefika kabla ya wakati. Hilo nimelipenda. Na baba yako?"

"Huyo anakuja."

Alikuwa anakuja kweli. Baba alipanda ngazi akitabasamu, amenyoa ndevu, ananukia, kifua mbele. Kifuani, vifungo vya kijani. Na cha pili kutoka juu, kama taa ya hatari, chekundu.

Kitinda akashika mkono wa Nahodha akaubana mpaka kijana wa watu akaguna. Boti ikang'oa nanga. Hakuna pa kukimbilia, labda majini.

Hakimu alitazama kile kifungo muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Bwana jirani," akasema kwa upole unaotisha. "Shati zuri. Umelipata wapi?"

"Nyuma ya mlango," Baba akajibu kwa unyoofu wote. "Kwetu nguo zote zinatoka nyuma ya mlango."

Mama akasimama. Goti lake likagonga meza, glasi zikalia.

"Mheshimiwa, mwache mume wangu, hajui kitu. Ni mimi. Mimi ni dobi. Niliona mfuko wako kwenye kitasa na mikono yangu ikauchukua, kama inavyochukua kila siku. Sikuiba. Nilifua, nikakamua, nikapiga pasi. Nilipaswa kukuambia pale pale mlangoni, nikaogopa kwa sababu ya mtoto wangu. Kama kuna wa kukataliwa hapa, nikatae mimi. Yeye hana kosa, anampenda mwanao, na ameanza kunilaumu kabla yako."

Kitinda alikuwa analia waziwazi, hajali nani anamwona.

"Wewe ndiye uliyelifua shati hili?" Hakimu akauliza.

"Ndiyo."

"Na kifungo hiki chekundu ulikiona?"

"Nilikiona."

"Kila dobi ninayempelekea shati hili anakikata. Anashona cha kijani, ananiletea akitegemea nimshukuru. Wa mwisho nilimfanya apekue pipa la taka mpaka akakipata. Wewe kwa nini hukukikata?"

Mama akatazama meza. Hapa hakuwa anajitetea tena, alikuwa anasema tu alichokijua.

"Nilishika mkasi. Kisha nikaona uzi. Umezungushwa mara nyingi kupita kiasi, na mafundo matatu kwa nyuma. Fundi hashoni hivyo, fundi anabana uzi. Anayeshona hivyo ni mtu asiyetaka kifungo kidondoke siku ambayo yeye hatakuwepo kukirudisha. Nikasema, hiki si changu kukigusa."

Hakimu akachukua kitambaa cha mezani, akajifuta uso wote, miwani ikiwa bado machoni.

"Marehemu mke wangu alikishona akiwa amelazwa hospitalini," akasema mwishowe. "Cha kijani hakikupatikana, akaomba nesi kifungo chochote. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Ilimchukua nusu siku." Akapumua. "Nimesikiliza mashahidi wengi maishani mwangu, mama. Kaa chini. Kaa, tule. Na wewe, bwana, baki na shati hilo mpaka jioni, limekukaa vizuri kuliko mimi."

Akachukua kijiko, akagonga meza, kwa! kwa! kwa!

"Ndoa nimeikubali!"

Mkitaka kujua furaha iko namna gani, mngemwona Baba. Alimkumbatia Nahodha, akamkumbatia Hakimu, akamkumbatia mhudumu aliyekuwa anapita na supu. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu wafike, akageuka akayatazama maji.

"Sasa," Hakimu akasema, akinyanyuka kwa shida, "mama yake Nahodha aliacha pete. Alisema nimpe mkwe atakayempenda mwanangu. Mimi siamini mifuko, mifuko ina wenyewe. Niliishona kwa ndani, kwenye pindo la suruali hii, hapa kiunoni nyuma, ambapo hata dobi wa hoteli haoni kitu." Akapeleka mkono mgongoni, akahangaika, uso ukamwiva. "Ila mama, nisamehe kusema. Suruali umeirudisha ndogo. Tangu nimeivaa napumua kwa zamu."

Mama akageuka taratibu.

"Ndogo?"

"Imepungua."

"Mheshimiwa, miaka ishirini na mbili nguo haijawahi kupungua mkononi mwangu. Hata soksi!" Na kabla mtu hajamzuia, akazunguka meza, akasema "samahani mkwe," akamgeuza Hakimu kama fundi anavyogeuza mteja wa vipimo, akapapasa pindo la kiuno mwanzo hadi mwisho. Laini. Hakuna pete, hakuna hata ule uvimbe ambao pasi yake iliukwepa asubuhi akidhani ni kifundo cha mshono. Na pale kwenye mshono, uzi mdogo wa alama.

Akauvuta ule uzi, akampelekea mumewe usoni.

"Baba watoto. Hii ni rangi gani?"

Baba akautazama kwa makini, kushoto, kulia, akauinua kwenye jua.

"Nyekundu," akasema. "Kama ulivyoniagiza."

Kitinda, fundi wa miwani, akafumba macho yake mawili.

"Ni kijani, Baba," akanong'ona. "Kijani!"

"Mheshimiwa," Mama akasema, "hii si suruali yako."

"Yangu iko wapi?"

Wakati huo huo ilisikika sauti kutoka majini. Tarumbeta.

Wote wakakimbilia ukingoni. Feri kubwa ya mchana ilikuwa inatoka bandarini, imejaa abiria, imeelekea upande wa pili, na haitarudi leo. Kwenye sitaha ya juu alisimama kijana mwembamba kama ufito, anawaaga wenyeji kwa wimbo. Mkono mmoja umeshika tarumbeta. Mkono wa pili umeshika suruali isimdondoke.

"Pete ya mke wangu!" Hakimu akalia, na haikuwa sauti ya hakimu hata kidogo.

Nahodha hakungoja kuambiwa. Aliruka meza, akafika kwenye usukani, injini ikanguruma. "Shikeni sahani!" akapiga kelele, na boti ya mgahawa ikageuka na supu zake zote, ikaingia kwenye mapovu ya feri.

Wakaanza kuikaribia. Kidogo kidogo. Baba alikuwa anapunga kitambaa, Kitinda anaita mpaka koo linamkauka. Yule kijana akawaona, akafurahi sana. Alidhani ni mashabiki! Akamaliza wimbo, abiria wakampigia makofi, naye alipotaka kuinama kuwashukuru, suruali ikamtatiza. Akacheka. Ndani alikuwa amevaa kaptura. Basi akaona ya nini taabu yote hii, akaivua ile suruali mbele ya watu, akaikung'uta, akaitundika kwenye reli ya feri, mahali penye upepo kuliko pote.

Mama akaona. Akaizungusha mikono yote miwili mdomoni, akapiga ukelele ambao nadhani ulifika mpaka kwenye maghala ya mjini:

"Mwanangu! Kibanio! Weka kibanio cha nguo!"

Kijana akampungia mkono, akanyanyua tena tarumbeta. Kibanio hakuweka.